Dume Tupu: Majibu kwa Wajuzi wa Kando ya Bwawa

Mwezi wa nne tangu nipandikize vifaranga, alfajiri, ndoo ya pumba mkononi, niliona ukingo wa bwawa ukitetemeka kama maji yanayokaribia kuchemka. Nikachota kwa chujio la chai. Walikuwa wana wa sato, wadogo kama punje za mchele, macho mawili meusi na kimkia. Na bwawa hilo nililipandikiza madume elfu moja! Risiti ninayo hadi leo, imeandikwa "dume tupu", na aliyeniuzia alinihakikishia mkono ukiwa kifuani.

Habari ya bwawa langu la Dakawa ilifika kijiweni kabla mimi sijafika. "Mwalimu, umepigwa," wakaniambia, na hapo hakuna aliyebisha. Ubishi ulianza kwenye sababu. Mimi nafundisha bayolojia, nikadhani nitaulizwa. Kumbe siku ile nilikuwa mwanafunzi. Nilielezwa mambo mengi kwa uhakika mkubwa, na tangu hapo nimeyasikia tena kwenye semina za wafugaji, kwenye makundi ya WhatsApp na ndani ya daladala. Nayajibu hapa moja baada ya jingine, kwa jinsi nilivyoyapokea.

"Hao dume tupu ni GMO. Wamechezewa vinasaba."

Hili lilitangulia, na ndilo linalowatisha wanunuzi sokoni. Tuanze na kinachofanyika hasa. Kifaranga wa sato akishamaliza kile kifuko cha kiini alichozaliwa nacho tumboni, huanza kula. Hapo mzalishaji humpa chakula kilichochanganywa na methiltestosteroni, homoni ya kiume ya kutengenezwa kiwandani. Kipimo kilichozoeleka ni miligramu 60 kwa kilo ya chakula. Homoni huyeyushwa kwenye spiriti, hunyunyizwa juu ya unga wa chakula, unga huanikwa hadi spiriti iishe, kisha vifaranga hulishwa kwa wiki tatu hadi nne. Baada ya hapo wanakula chakula cha kawaida hadi siku ya kuvuliwa. Katika hatua zote hizo hakuna anayegusa DNA.

Kinachobadilika ni jeni zipi zinasomwa. Wake zetu wana masanduku ya kanga. Mama mmoja anaweza kuwa na doti ishirini, kila moja na jina lake, nyingine tamu, nyingine za kumsuta jirani. Mtaa hauzisomi zote. Mtaa husoma ile aliyojifunga leo. Seli ya samaki nayo ina sanduku zima: jeni za kujenga ovari zimo, za kujenga korodani zimo, katika jike na katika dume. Ovari hutokea pale jeni fulani zinapotolewa sandukuni na kuvaliwa, yaani zinaponakiliwa kuwa RNA na kisha kuwa protini inayofanya kazi. Homoni humfanya kifaranga avae kanga nyingine. Sanduku linabaki vilevile.

Ushahidi wa hilo si wa maneno. Sato jike ana kromosomu XX, dume ana XY. Mchukue kifaranga XX, mpe homoni, atakuwa dume kamili mwenye manii. Sasa mpandishe kwa jike wa kawaida. Watoto wote watakuwa majike! Hawezi kutoa Y asiyokuwa nayo. Angekuwa amebadilishwa vinasaba, asingezaa hivyo. Mjapani Tokio Yamamoto alionyesha mwaka 1953, kwa kasamaki kadogo kaitwako medaka, kwamba hata upande wa pili unawezekana: dume wa kromosomu akilishwa homoni ya kike anakuwa jike na anataga. Wapo wazalishaji wa sato wanaotumia mlango huohuo. Hugeuza XY kuwa jike, humpandisha kwa dume XY, na robo ya watoto hutoka YY. Dume YY akikutana na jike wa kawaida, watoto wote ni XY, madume bila wao kuonja homoni hata chembe.

"Basi kama ni X na Y, jinsia imeandikwa siku yai linarutubishwa. Mengine ni longolongo."

Mzee mmoja aliyestaafu ualimu ndiye aliyesema hivi, na kwa heshima zote, Shikamoo yake nimeitoa, anasema nusu ya ukweli. Kweli kuna jeni kwenye Y ya sato inayoanzisha safari ya udume. Iliripotiwa mwaka 2015 na watafiti wa Chongqing, China, nayo huitwa amhy. Medaka naye ana jeni yake tofauti kabisa, iliyotambuliwa mwaka 2002. Samaki aina ya trauti ana nyingine tena. Binadamu wote tunatumia jeni moja kuanzisha jambo hili. Samaki, kila ukoo una mlango wake.

Tena hata X na Y si sheria ya samaki wote. Hapa nitapiga hatua mbili pembeni, kwa sababu mto unaolisha bwawa langu umo katika hadithi hii. Kuna perege wa mto Wami, kwa jina la kisayansi Oreochromis urolepis hornorum. Wengine wa jamii hiyo walifikishwa Unguja, na kutoka Unguja wakapelekwa Malacca, Malaya. Huko C. F. Hickling aliwapandisha madume hao wa "Zanzibar" kwa majike wa perege wa Msumbiji, na mwaka 1960 akachapisha matokeo yaliyoshangaza wafugaji: watoto wote walikuwa madume. Maelezo yalikuja baadaye. Kwa perege wa Wami mambo yamepinduka kama kwa kuku. Dume ni ZZ, na jike ndiye mwenye mbili tofauti, ZW. Z ya baba ikakutana na X ya mama, na hapakuwa na kitu cha kuita ovari. Kwa hiyo dume tupu wa mwanzo walioutia ufugaji hamu walitoka kwa samaki wetu, bila homoni. Pale kijiweni nilipolisema hili waliniangalia kama ninayejitafutia sifa za kijiji.

Halafu kuna joto. Vifaranga XX wa sato wakiwekwa kwenye maji ya nyuzi 36 za Selsiasi kuanzia karibu siku ya kumi baada ya yai kurutubishwa, kwa siku kumi au zaidi, sehemu yao hugeuka madume. Wangapi? Inategemea wazazi, maana familia moja hugeuka wengi na nyingine wachache. Kromosomu ni zilezile. Kilichopungua ni usomaji wa jeni moja, na jeni hiyo ndiyo kiini cha maneno yangu yote yaliyobaki.

Inaitwa cyp19a1a. Kazi yake ni kutengeneza kimeng'enya kiitwacho aromatesi, na aromatesi huchukua homoni ya kiume na kuigeuza estrojeni, homoni ya kike. Katika kifaranga XX jeni hiyo huanza kusomwa karibu siku ya tano baada ya kuanguliwa. Siku hiyo ukimpasua kifaranga na kumtazama kwa hadubini, huoni jike wala dume. Viungo vya uzazi ni nyuzi mbili zinazofanana kwa wote. Uwazi wa ndani unaotambulisha ovari huonekana wiki mbili au tatu baadaye. Yaani jeni zimekwisha kukubaliana muda mrefu kabla ya jicho kuona chochote.

"Jike ndiyo hali ya kawaida. Asipoambiwa kuwa dume, anakuwa jike tu."

Dai hili limetoka darasani, tena darasani kwangu, kwa hiyo najijibu mwenyewe. Kwa mamalia tulifundishwa kwamba kiinitete kisichopata amri ya udume huelekea ujike. Watu hulichukua hilo na kulimimina kwenye bwawa la samaki. Sato anakataa. Kwake ujike unataka kazi, tena kazi ya kila siku. Jeni iitwayo foxl2 huamka katika nyuzi za kifaranga XX na kuiamsha cyp19a1a. Upande wa XY, jeni ya dmrt1 hufanya kinyume, huikalia cyp19a1a isisomwe. Watafiti walipoiharibu foxl2 katika sato XX, aromatesi ikashuka, estrojeni ikapungua, mayai machanga yakaanza kuharibika, na baadhi ya samaki wakageuka kabisa. Walipoiharibu cyp19a1a yenyewe, XX wakawa madume. (Hao ndio samaki waliochezewa vinasaba kweli, na hawaji sokoni.) Ukiondoa estrojeni kwa sato, kinachobaki ni korodani. Anayetaka kusema kuna "hali ya kawaida" basi aseme ni udume, ingawa mimi hata hilo silipendi.

Kuna anayeweza kunishika kwa samaki mwenye mistari, yule wa maabara aitwaye zebrafish. Kwake, vifaranga wote hupitia kipindi ambacho viungo vyao vya uzazi vina mayai machanga, wawe majike au madume wa kesho. Je, huo si ujike wa asili? Tazama kinachofuata. Mayai hayo machanga yakifa, anakuwa dume. Yakiendelea kuishi, anabaki jike. Na ukimnyima seli za uzazi tangu mwanzo, anakua dume tasa. Ujike wake unashikiliwa na mayai yenyewe. Hakuna mahali ambapo ovari inapatikana bure.

"Ovari ikishajengeka imejengeka. Nyumba haibomoki kwa sababu fundi kaondoka."

Fundi hapa haondoki, na akiondoka nyumba inabomoka. Mwaka 2013 ilichapishwa taarifa ya majike wakubwa wa sato, waliokwisha kupevuka, waliopewa kwa muda mrefu dawa ya kuzuia aromatesi. Ovari ilinywea, na mahali pake pakajengeka korodani zenye manii yanayorutubisha. Samaki mzima, si kifaranga! Ina maana kwamba foxl2 na cyp19a1a hazikufanya kazi siku ya tano kisha zikaenda kupumzika. Zinafanya kazi leo, na kesho, na siku ya kutaga.

Watu wa pwani hawashangazwi na haya. Muulize mvuvi wa Mafia kuhusu chewa. Chewa wengi huanza maisha wakiwa majike na kuishia madume, na pono pia, yule wa rangi za buluu na kijani anayetafuna matumbawe: dume mkubwa wa fahari mara nyingi alikuwa jike wa rangi ya udongo. Ukivua chewa wakubwa tu, umewamaliza madume. Ovari ya chewa haikukosea popote. Jeni zake za ujike huacha kusomwa wakati fulani, na zile za udume hupanda.

Kwa samaki aina ya sea bass wa Mediterania, watafiti wa Barcelona walionyesha mwaka 2011 jinsi joto la utotoni linavyoandika alama. Vikundi vidogo vya methili hujibandika kwenye DNA pale usomaji wa jeni ya aromatesi unapoanzia, na jeni inakuwa ngumu kusomwa. Kanga imo sandukuni, lakini imeshonwa uzi.

"Ongeza dozi, watageuka wote."

Alisema kijana mmoja mzalishaji, na nilimwonea huruma, kwa sababu mantiki yake ni ya dawa ya minyoo. Kumbuka aromatesi inakula nini: inakula homoni ya kiume na kutoa ya kike. Ukimwaga androjeni, yaani homoni za kiume, nyingi kupita kiasi, unaweza kukipa kimeng'enya hicho mali ghafi. Kwa kambare wa Marekani wanaofugwa, majaribio ya kuwageuza kwa androjeni yamewahi kuzaa majike wengi badala ya madume. Kwa sato pia dozi zilizozidi zimeonekana kupunguza madume.

Kinachoharibu kazi mara nyingi ni kalenda. Chakula cha homoni kinapaswa kuanza vifaranga wakiwa chini ya milimita 14 hivi. Ukichelewa wiki moja, kundi lina wakubwa na wadogo, na wale wakubwa wameshaanza kujenga ovari. Huwezi kuwageuza kwa dozi ya watoto. Wengine hawali unga wako, wanajilia vijani na vijidudu vya bwawa. Nilipokwenda kutazama kule niliponunulia, mabwawa ya vifaranga yalikuwa ya kijani kibichi kama mchicha, na vifaranga wa umri mbalimbali wamechanganywa ili wafike idadi. Sikuuliza zaidi.

"Mayai hutengenezwa kwenye ovari. Dume hana jeni za mayai."

Hapa nitaenda haraka, ingawa ndilo dai ninalolipenda. Ukimpasua sato jike aliyejaa, unaona mayai ya rangi ya chungwa iliyopauka, na kila mtu atasema ovari imeyatengeneza. Ovari imeyalea. Kiini kile cha njano kinatokana na protini iitwayo vitelojenini, na inatengenezwa kwenye ini. Estrojeni kutoka ovari husafiri kwa damu hadi ini, ini huamshwa, vitelojenini hurudi kwa damu, na yai linaimeza. Ini la dume lina jeni hiyohiyo, halina tu wa kuiamsha.

Uingereza ilijua hilo kwa njia mbaya. Katika miaka ya 1980, John Sumpter na wenzake waliweka trauti madume ndani ya vizimba mtoni, chini ya mahali yanapotokea maji yaliyosafishwa ya majitaka ya miji. Damu ya madume ikajaa vitelojenini. Mwaka 1998 ikaripotiwa kwamba madume wengi wa samaki aitwaye roach, katika mito mbalimbali ya nchi hiyo, walikuwa na mayai ndani ya korodani. Majitaka yalibeba estrojeni za watu, zikiwemo za vidonge vya uzazi wa mpango. Na Kanada, katika ziwa dogo la majaribio mkoani Ontario, Karen Kidd na wenzake walitia estrojeni ya vidonge kwa miaka mitatu, 2001 hadi 2003, nanogramu tano au sita tu kwa lita. Idadi ya visamaki viitwavyo fathead minnow ilianguka karibu kwisha. Nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu.

Taarifa hizo ndizo hulisha dai la mwisho, ambalo husemwa kwa sauti ya chini na wanaume:

"Ukila dume tupu, homoni inakuingia, na wewe utageuka."

Sitacheka, kwa sababu hofu imeegemea kitu cha kweli ila imekosa mahali pa kutua. Kifaranga alilishwa homoni akiwa na uzito usiofika gramu. Aliacha kulishwa kabla hajatimiza miezi miwili. Mwili wake huivunja na kuitoa homoni ndani ya siku na wiki chache. Sato wa nusu kilo anayepelekwa sokoni amekula chakula cha kawaida kwa miezi mitano, sita au zaidi. Na jinsia ya binadamu mzima haiko kama ya chewa. Anayenilazimisha kula ugali bila samaki kwa hofu hiyo, ale yeye.

Lakini yupo anayepaswa kuogopa, na hatajwi kijiweni. Ni yule binti anayechanganya unga wa homoni kwa mikono mitupu, bila barakoa, nyuma ya banda, spiriti ikipepea. Yeye anaipata ikiwa nzima, kila wiki, kwa pua na kwa ngozi. Na ni maji ya matangi ya vifaranga yanayofunguliwa moja kwa moja kuelekea mtoni, kwenye samaki ambao hakuna aliyewapimia dozi. Ukitaka kumbana mzalishaji, muulize habari ya glovu na ya maji yake yanakwenda wapi. Habari ya GMO atakujibu kwa urahisi.

Safari ya pili sikutaka risiti. Nilimwomba muuzaji mwingine vifaranga ishirini wa sentimita tano, nikawapeleka maabara ya shule. Kwa ukubwa huo bado ni shida kuwatambua kwa nje. Akishafika gramu thelathini hivi unamgeuza kiganjani, unampaka GV ya zambarau kidogo nyuma ya tumbo, na unahesabu: jike matundu matatu, dume mawili. Hawa ilibidi niwachane. Chini ya uti wa mgongo, ukishaondoa utumbo, kuna nyuzi mbili nyembamba kuliko nywele ya farasi, zinang'aa kama ute. Unauchomoa mmoja kwa kibano, unauweka kwenye kioo, tone la asetokamini, rangi ileile tunayotumia na Kidato cha Tano kwa mizizi ya vitunguu, kisha unafunika na kubonyeza kwa kidole gumba. Dume huonekana kama mchanga uliomwagwa, vitone vidogo vya kufanana. Jike huonekana duara, duara, duara, mayai machanga yamepangana kama simbi.

Kumi na tisa walikuwa mchanga. Mmoja alikuwa duara.

Mzee yule wa kromosomu alikuwa amenifuata, amekaa kwenye stuli ya wanafunzi, kofia mapajani. Nikamsogezea hadubini. Alichungulia muda mrefu, akafunga jicho lisilokuwa lenyewe, akabadilisha.

"Mmoja kwa ishirini," akasema. "Kwa elfu moja ni hamsini."

"Hamsini, mzee."

"Na kila mmoja na kinywa chake cha kulelea watoto." Akavaa kofia. "Basi mwalimu, ununue na kambare, wakulie hao vifaranga."

Nikanunua na kambare.